Kinanda kinalala wapi?

Mzazi akija kuniuliza kama naweza kumfundisha mwanawe kinanda, swali langu la kwanza huwa si umri wa mtoto, wala kipaji chake, wala kama ada ipo. Namuuliza: kinanda chenyewe kitakuwa kinalala wapi? Wengine hudhani naogopa wezi. Nauliza kwa sababu mimi na mtoto tutaonana mara moja kwa wiki, na siku sita zinazobaki ndizo zitakazoamua kama atakuwa mpigaji au mtu aliyewahi kujaribu.

Nafundisha kwenye chumba cha kwaya cha kanisa letu, upande wa Ilemela hapa Mwanza, si mbali na mwalo, ufukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hutua. Mama mmoja anayeanika dagaa alinijibu swali hilo bila kuzunguka: "Mwalimu, chumba ni kimoja na watoto ni watano. Hicho kinanda kikiingia, nani atoke?" Kauli ile hunirudia kila ninaposikia watu wazima, tena wasomi, wakisema kwamba wanaojua vyombo vya muziki ni wale waliozaliwa na kipaji. Naamini kipaji kipo. Lakini nimefundisha muda wa kutosha kuona kwamba kipaji hakiwezi kufanya mazoezi hewani.

Tuanze na ada, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza. Chukua mfano wa hesabu tu: mwalimu anatoza shilingi 20,000 kwa kipindi, na mtoto anakuja wiki 40 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 800,000, kabla ya nauli, kabla ya kitabu, kabla ya chombo chenyewe. Kwa familia ya Capri Point au Isamilo, fedha hiyo inatoka bila mtu kukosa kitu. Kwa familia iliyopanga chumba Mabatini au Igogo, ni kodi ya miezi mingi. Hapo tofauti inaonekana wazi, na ingekuwa ni hiyo tu, dawa ingekuwa rahisi: tafuta mfadhili, lipa ada, mtoto asome.

Nimeshuhudia ada ikilipwa na mtoto bado akaacha. Ndipo nilipolazimika kuitazama hesabu upya. Kipindi ni saa moja, na wiki ina saa 168. Anayeanza anahitaji walau nusu saa ya mazoezi kila siku, yaani saa tatu kwa wiki ambazo mimi sipo. Vidole havijifunzi kwa kuelewa. Vinajifunza kwa kurudia jambo lile lile leo, kesho na keshokutwa, hadi mkono wa kushoto uache kuusubiri wa kulia. Mtoto asiyegusa chombo tangu Jumamosi hadi Jumamosi anarudi kwangu akiwa pale pale nilipomwacha, na baada ya miezi mitatu anaamini kwamba yeye ni mzito. Wakati huo mwenzake mwenye kinanda sebuleni amefika ukurasa wa ishirini. Watu wakiwaona wawili hao jukwaani, wanasema mmoja ana kipaji.

Kwa hiyo "kinanda kinalala wapi" ni maswali mengi ndani ya moja. Je, kuna mahali pa kukiweka ambapo mtoto mdogo hatakimwagia chai? Kuna umeme, au LUKU inaisha katikati ya mwezi? Jirani wa chumba cha pili, ambaye ni mlinzi na analala mchana, atavumilia skeli ya C mara hamsini? Mtoto mwenyewe ana nusu saa isiyo na mtu wa kumtuma maji, dukani au kumbeba mdogo wake? Nyumba zilizopanda juu ya mawe pale Mabatini zina ngazi ambazo hata gunia la mkaa hupanda kwa shida. Nafasi, umeme, utulivu na muda wa mtoto havimo kwenye risiti ya ada, lakini vyote hununuliwa kwa fedha, na vyote hugawanywa kwa tabaka.

Kuna jambo la ziwa letu ambalo mtu wa mshahara anaweza asilione. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na fedha inakatika. Siku za giza zikirudi, fedha inarudi, lakini hapo nyumba nzima ina kazi: mama yuko kwenye mchanga tangu alfajiri akianika na kugeuza, na mtoto mkubwa ndiye mama wa wadogo. Maana yake ni kwamba familia ya mwalo inapokuwa na fedha haina muda, na inapokuwa na muda haina fedha. Mwalimu wa muziki naye anataka ada ya mwezi mzima, tarehe moja, kama vile kila mtu analipwa kupitia benki. Nilifanya hivyo kwa miaka. Nilipoteza watoto wazuri kwa sababu ya kalenda tu.

Halafu kuna muda wa mzazi. Njia ya Shinichi Suzuki, Mjapani ambaye mbinu yake ya kufundisha fidla imesambaa duniani, inamtaka mzazi ahudhurie vipindi na kusimamia mazoezi nyumbani kila siku. Mwanzoni mzazi mwenyewe hujifunza kidogo ili aweze kumwongoza mtoto. Ni mbinu nzuri na nimeona matunda yake. Lakini imejengwa juu ya mzazi mwenye alasiri tupu. Mama anayeshika ndoo za samaki pale Mwaloni, Kirumba, kabla jua halijachomoza, akirudi jioni na miguu iliyovimba, hawezi kuketi kando ya fidla. Tusiseme hamjali mwanawe.

Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, aliyefariki mwaka 2002, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza jambo hili. Alisema watu hurithishana zaidi ya fedha na mashamba. Hurithishana pia namna ya kusema, ya kuketi, ya kupenda vitu fulani na kuvidharau vingine, na shule hupokea urithi huo kana kwamba ni akili ya kuzaliwa. Aliuita mtaji wa utamaduni. Hapa kwetu nausikia mtaji huo katika neno moja: uhuni. Mtoto wa daktari akishinda na gitaa, wageni wanaambiwa anakuza ubongo. Mtoto wa mbeba mizigo akishinda na gitaa, baba mtu anauliza kama ameamua kuwa mhuni. Nami nimeacha kumlaumu baba huyo. Mtoto wa daktari akishindwa muziki ana mambo mengine kumi ya kuangukia, na huyu mwingine hana hata moja. Hofu ya baba ni hesabu sahihi aliyoifanya kutokana na alichonacho.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Wakongwe wa dansi wana msemo ambao vijana hawautumii sana: mwenye vyombo. Katika miongo ya mwanzo ya uhuru, mwanamuziki mwenyewe mara nyingi hakuwa na gitaa wala saksafoni. Mwenye vyombo alikuwa chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi au kiwanda. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, na Polisi Jazz ilikuwa ya polisi. Mpigaji aliajiriwa, akalipwa mshahara, na vyombo vikawa mali ya mwajiri. Kulikuwa na matatizo mengi, hasa kwa msanii aliyetaka kuondoka, lakini kijana asiye na kitu aliweza kushika gitaa la besi ambalo ukoo wake mzima usingeweza kulinunua. Viwanda na mashirika ya umma yalipodhoofika, vyombo navyo viliondoka, na hakuna aliyeziba pengo lile kwa ukubwa ule.

Aliyebaki ni kanisa. Kanda ya Ziwa ni nchi ya kwaya. Kwaya ya Makongoro Vijana ya kanisa la AICT hapa mjini imesikika mbali kuliko wanasiasa wengi, Wakatoliki wana kinanda karibu kila parokia, na ng'ambo kule Kagera Walutheri wana matarumbeta yao. Kwa mtoto wa kawaida wa ukanda huu, kanisa ndilo shule ya muziki. Mimi mwenyewe nimetoka humo na sitalisahau.

Lakini tazama kanisa linafundisha nini. Kwaya nyingi zilikuzwa kwa d, r, m, f, s, l, t, yaani do, re, mi na wenzake. Mfumo huo wa herufi ulianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, katika karne ya 19, kisha mchungaji John Curwen akauboresha na kuueneza ili wafanyakazi na watoto wa shule za Jumapili waweze kusoma nyimbo bila gharama. Herufi zilichapwa kwa mashine yoyote, na hazikuhitaji mistari mitano ya nota wala fundi maalumu. Wamisionari wakaja nazo Afrika. Ni mfumo uliobuniwa kwa ajili ya watu wasio na fedha, na ulifanya kazi: hadi leo unaweza kukuta kwaya ya kijijini isiyo na chombo hata kimoja ikiimba sauti nne safi kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

Ila herufi zile zilikusudiwa koo, si vidole. Do inakaa popote unapoanzia. Kwenye kinanda, kila do ina milima na mabonde yake, na vidole lazima vijifunze upya. Wapigaji wetu walipata njia ya mkato: kitufe cha transpozi. Unapiga kila wimbo kwa funguo ile ile uliyoizoea, na mashine inapandisha au kushusha sauti mpaka iwafikie waimbaji. Jumapili inakwenda vizuri, na waumini hawana habari. Ninao vijana wanaoweza kuusindikiza wimbo wowote wa kitabuni kwa sikio, wimbo ambao hawajawahi kuusikia, na kuufuata hadi mwisho. Mweke kijana huyo mbele ya piano ya mbao, isiyo na kitufe, umpe karatasi ya nota, na ndani ya dakika mbili anaonekana hajui kitu.

Hapo ndipo mitihani inapoingia. Bodi ya ABRSM ya London, iliyoanzishwa mwaka 1889, inapima wapigaji kwa gredi 1 hadi 8, na vyeti vyake vinatambuliwa katika nchi nyingi. Ili kufanya gredi 6 ya vitendo, kwa kawaida lazima uwe umefaulu nadharia ya gredi 5. Sina ugomvi na mitihani hiyo, maana inapima mambo halisi. Inapima yale ambayo mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza amefundishwa tangu darasa la kwanza, na inayapita kimya yale ambayo mpigaji wa parokia ameyamudu kwa miaka kumi: kusindikiza kwa sikio, kufuata, kubuni papo hapo, kumbeba mwimbaji aliyepotea. Basi mmoja anatoka na cheti, na mwingine anatoka na sifa za mtaani.

Shule za umma je? Tangu Januari 2016, elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada. Muziki upo kama somo lenye mtihani wa kidato cha nne, ingawa shule zinazolifundisha ni chache. Na hapa hapa Mwanza tuna Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kwa miaka mingi kimeandaa walimu wa sanaa, muziki ukiwemo. Ungetegemea mji huu ujae orkestra za wanafunzi. Ninaowafahamu waliosoma pale walipangiwa shule ambazo chombo pekee ni kengele ya rimu la gari. Wanafundisha Kiswahili na Jiografia, na wanafundisha vizuri. Mwalimu ameandaliwa kwa kodi yetu, halafu chombo hakikununuliwa.

Watu huniuliza kama kuna mahali walipofanikiwa. Tazama Uskochi. Halmashauri zake nyingi zilikuwa zikitoza wazazi kwa vipindi vya vyombo shuleni, na moja, Clackmannanshire, ilifika pauni 524 kwa mwaka. Ada ikipanda, wanafunzi walipungua, wakiwemo watoto wa familia za katikati ambazo si maskini kiasi cha kusamehewa na si tajiri kiasi cha kutojali. Mwaka 2021 serikali iliondoa ada hizo nchi nzima, na idadi ya wanaojifunza ikapanda. Lakini kumbuka: Uskochi ilikuwa tayari na walimu, vyumba na vyombo vya kuazima. Kuondoa ada kulifungua mlango wa nyumba iliyokwisha kujengwa.

Venezuela inanifundisha zaidi. Mwaka 1975 José Antonio Abreu alianzisha mpango ulioitwa El Sistema: watoto wanapewa chombo, hawalipi, na wanafanya mazoezi kwa pamoja kituoni, siku nyingi za wiki. Aliligusa tatizo penyewe. Mazoezi yalihamishwa kutoka nyumbani, ambako hakuna nafasi, yakapelekwa kituoni. Hata hivyo, watafiti waliofuatilia watoto wa mpango huo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017 walikuta kwamba karibu asilimia 17 tu ya watoto hao walitoka familia maskini, wakati umaskini katika majimbo yao ulikuwa karibu asilimia 47. Kitu cha bure, kisipolindwa, hujazwa na wale waliopata habari mapema, wenye nauli na wenye mzazi wa kuwasindikiza. Hilo nimeliona hata kwenye daftari langu la uandikishaji: nilipotangaza nafasi za bure kwenye WhatsApp ya parokia, wa kwanza kuandika walikuwa wazazi wenye magari.

Kuna ninalolihisi kwa uchungu zaidi, na wengi hawalijadili wanapozungumzia usawa. Ukanda huu wa ziwa ulikuwa na shule za vyombo kabla ya kinanda. Wakurya wana litungu la nyuzi nane. Wahaya na Wakerewe wana nanga, ubao uliochongwa kama kihori, na uzi mmoja unapitishwa juu yake mara kadhaa. Wasukuma wana vyama vyao vya ngoma za mashindano, Bagika na Bagalu, ambavyo bado hukutana kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha padre David Clement. Manju hakutoza ada ya mwezi. Ulikaa karibu, ukabeba ngoma, ukaitikia, ukapewa ya pembeni, na baada ya miaka ukapewa kubwa. Nyuzi za nailoni za litungu unaweza kuzikata kwenye mshipi wa kuvulia.

Sitaki kuupamba wakati ule. Wanawake walifungiwa vyombo vingi, na ujuzi fulani ulibaki ndani ya koo chache. Hata hivyo mtoto wa mvuvi hakukosa nanga kwa sababu ya umaskini. Aliukosa muziki siku tulipokubaliana kwamba nanga si kujifunza muziki, na kwamba kujifunza muziki ni piano na fidla. Mtoto anayepiga litungu vizuri leo hana gredi ya kuombea nafasi popote isipokuwa sehemu chache kama chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo. Tofauti ya tabaka iko pia kwenye orodha ya vyombo vinavyohesabiwa, na orodha hiyo haikuandikwa kwetu.

Nirudi kwenye chumba changu. Kwa miaka, kinanda chetu cha kwaya kilikaa kimefungwa tangu Jumapili mchana hadi Jumamosi ya mazoezi, na ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Chombo kilinunuliwa kwa michango ya waumini na aliogopa kiharibike mikononi mwake. Lakini chombo pekee ambacho watoto wa mwalo wangeweza kukigusa kililala siku sita gizani, chini ya kitambaa cheupe.

Tulizungumza kwenye kamati mara tatu. Walikubali mara ya nne, nilipowapelekea majina ya watoto na saa za kila mmoja. Sasa kuna nakala tatu za ufunguo, na mojawapo inakaa kwa mama muuza maandazi wa ukuta wa pili, kwa kuwa yeye yupo kila siku. Chumba kinafunguliwa saa kumi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Nafasi za bure hazitangazwi tena kwenye simu. Naenda mwenyewe mwaloni kuwaambia wazazi. Ada, kwa anayeweza kuilipa, inalipwa wakati wa giza. Na mazoezi marefu nimeyapanga siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imekaa, watoto wakiwa hawana wadogo mgongoni.

Binti wa yule mama wa dagaa ndiye anayeshika nusu saa ya mwisho. Juzi nilipopita dirishani alikuwa anapiga wimbo wa kutoa sadaka kwa funguo ya F, taratibu sana, akikosea bemoli ile ile, yaani nota inayoshushwa nusu sauti, na kuirudia. Transpozi nimeibandika karatasi ili isiguswe. Alipoipata bemoli hakusimama kufurahi, aliendelea hadi mwisho wa ubeti, kisha akarudi mwanzo, kwa kuwa alikuwa bado na dakika kumi na mbili.